Sura ya 5: Maharagwe ya Kutambaa na Misimu Miwili ya Riruta

Kitenzi "kupanda" kina maana mbili, kutia mbegu ardhini na kukwea, na ni mimea michache inayostahili zote mbili kama haragwe la kutambaa, ambalo mtu hulipanda nalo, baada ya wiki mbili tatu, huanza kupanda lenyewe. Sura hii inahusu kupanda kwa kwanza, yaani siku ambayo mbegu inafaa kuingia udongoni katika bustani ndogo ya nyumbani huko Riruta, magharibi mwa jiji la Nairobi. Hata hivyo, jibu lake linategemea kupanda kwa pili, kwa sababu mmea unaokwea mita mbili au tatu hukaa shambani muda mrefu kuliko mwenzake mfupi, na muda huo ndio unaoamua iwapo maganda yatakauka juani au yataozea kwenye ukungu.

Maharagwe ya kawaida, ambayo wanabotania huyaita Phaseolus vulgaris, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati na milima ya Andes, aliyefika Afrika Mashariki kupitia biashara ya Wareno. Wataalamu huyagawa katika makundi manne kulingana na jinsi shina linavyokua. Katika kundi la kwanza shina huishia kwenye ua, likaacha kurefuka, na mmea hubaki kichaka kifupi. Katika la pili na la tatu shina huendelea kurefuka lakini husimama wima au hutandaa chini. Kundi la nne ndilo la kutambaa, ambalo shina lake halijiwekei kikomo na hujisokota kwenye chochote linachokigusa. Ncha ya shina hilo huchora duara hewani, ikizunguka kinyume cha mshale wa saa kwa mtu anayeitazama kutoka juu, na Charles Darwin, aliyeketi kuipima katika karne ya 19, aliona kwamba duara moja hukamilika kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu anayeondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni hukuta ncha imekwisha kuzunguka mara tano au zaidi ikitafuta pa kushika, na ikikosa hushika jirani yake, ndipo bustani inapogeuka kitata kisichofumulika.

Tofauti hiyo ya makundi ina uzito wa pekee Riruta, kwa kuwa mbegu nyingi zinazopandwa nyuma ya nyumba hazitoki katika duka la pembejeo bali katika magunia ya sokoni, Kawangware au Wangige, ambako maharagwe hupimwa kwa gorogoro na kuitwa Nyayo, Wairimu, Mwitemania, Rosecoco au Mwezi Moja. Baadhi ya aina hizo zilisambazwa na mradi wa utafiti wa mikunde uliokuwa Thika, ambao herufi zake, GLP, bado hutangulia nambari za aina zenyewe katika orodha rasmi, Rosecoco ikiwa GLP 2 na Mwitemania GLP 92, na nyingi ni fupi, au hutoa kikonyo cha kubahatisha kinachokomea kiunoni. (Mwezi Moja, kwa taarifa ya anayelipanda mara ya kwanza, halivunwi kwa mwezi mmoja, jina hilo ni la muuzaji kuliko la kalenda.) Anayesimika fito kando ya mbegu za namna hiyo atazitazama fito hizo zikisimama tupu hadi mwisho wa msimu. Mbegu ya kutambaa hununuliwa kwa jina lake, na nchini Kenya majina yanayofaa kukumbukwa ni Kenya Safi, Kenya Tamu na Kenya Mavuno, aina tatu zilizoidhinishwa kwa ajili ya maeneo ya mwinuko wa kati, ambayo Riruta, iliyo katika kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, imo miongoni mwake.

Kwa nini mwenye kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa kumi ajisumbue na fito na kamba ilhali maharagwe mafupi hayahitaji chochote? Jibu limo katika hesabu ya nafasi: maharagwe mafupi, yakitunzwa vizuri, hutoa tani moja hadi mbili kwa hekta, nayo ya kutambaa hutoa tatu hadi nne, kwa sababu majani yamepangwa juu kwa juu na maua hufunguka kwa awamu badala ya kufunguka yote kwa wiki moja. Rwanda, nchi yenye watu wengi na mashamba madogo, iliielewa hesabu hiyo mapema, na tangu miaka ya 1980 wakulima wake wameyakumbatia maharagwe ya kutambaa, ikiwemo aina iliyotoka Mexico na kupewa jina la Kinyarwanda la Umubano. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Kivu, hali ni hiyo hiyo. Riruta, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha likagawanywa tena kwa nyumba za kupanga, imefika kwenye hesabu ile ile kwa njia ya mjini.

Msimu ndio kiini cha suala. Nairobi hupata mvua mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa ukanda wa mawingu unaolifuata jua huvuka ikweta ukienda kaskazini na kuivuka tena ukirudi kusini: masika, ambayo Wakenya wengi huiita mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, au mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa bahati njema ya wakazi wa Riruta, makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, katika Barabara ya Ngong, kilomita chache tu kutoka kwao, kiasi kwamba vipimo vya kituo hicho vinaweza kuchukuliwa karibu kama vipimo vya uani mwao. Wastani wa miaka ya 1961 hadi 1990 ulionyesha takribani milimita 219 za mvua mwezi Aprili na 177 mwezi Mei, kisha 35 tu Juni na 18 Julai. Upande wa vuli ulionyesha 55 Oktoba, 154 Novemba, 101 Desemba na 64 Januari. Mtu akizisoma tarakimu hizo harakaharaka ataamua kwamba masika ndiyo majira ya kupanda, kwa kuwa ina maji mengi zaidi, na kwa mahindi uamuzi huo ni sahihi. Kwa maharagwe ya kutambaa yanayokusudiwa kukaushwa, ni uamuzi unaopaswa kusitishwa hadi Julai ihesabiwe.

Julai ya Riruta si mwezi wa mvua bali ni mwezi wa baridi na mawingu. Joto la mchana kwa wastani halipiti nyuzi 21, la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na kuna wiki ambazo jua huonekana kwa saa moja alasiri kisha likafunikwa tena, huku manyunyu mepesi yasiyofaa hata kupimwa yakiacha kila jani na kila ganda likiwa na unyevu hadi adhuhuri. Haragwe la kutambaa, katika mwinuko huu, huchanua kiasi cha siku 50 baada ya kupandwa, hutoa maganda mabichi ya kula kati ya siku ya 65 na ya 75, na hukauka kwa kuvunwa kati ya siku ya 105 na ya 120, na baridi huzisogeza tarehe hizo mbele zaidi. Lililopandwa tarehe 25 Machi, basi, huchanua katikati ya Mei mvua ikiwa bado nzito, hutoa maganda mabichi Juni, na hufika wakati wa kukauka katikati ya Julai au baadaye, yaani katika mwezi ambao hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba huingizwa ndani zikiwa na ubichi. Ganda lililokomaa likikosa jua huota ukungu, mbegu nyeupe hupata madoa, na zile za chini kabisa, zilizo karibu na udongo, huweza kuchipua zikiwa bado ndani ya ganda.

Hesabu ile ile ikianzia vuli hutoa picha tofauti. Mbegu iliyoingia udongoni tarehe 20 Oktoba hukuta Novemba yenye maji, huchanua Desemba mvua inapopungua, hutoa maganda mabichi kwenye sikukuu za mwisho wa mwaka, na hukauka mwanzoni au katikati ya Februari, mwezi ambao anga la Nairobi huwa wazi na mchana hufika nyuzi 25 au 26. Maganda hukauka yakiwa bado kwenye fito, yakawa ya rangi ya majani makavu, na yakitikiswa hulia. Upungufu wa msimu huu ni maji ya mwezi wa tatu tangu kupanda, kwa kuwa mbegu hujaa ndani ya ganda Desemba ikiishia na Januari ikianza, wakati ambapo vuli kwa kawaida imekwisha kufunga. Hapo ndipo bustani ya nyumbani inapolishinda shamba kubwa, kwani mistari miwili ya maharagwe yaweza kumaliza wiki tatu kwa ndoo chache za maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, au maji yaliyooshea mboga na mchele, yakimwagwa shinani jioni.

Kwa hiyo siku ya kupanda huhesabiwa kutoka mwisho kurudi nyuma, na mwisho huo hutegemea kitakachopikwa. Anayetaka mbegu kavu za kuweka akiba apande vuli. Anayetaka maganda mabichi, yale ambayo sokoni huitwa mishiri, au mbegu mbichi za kubandua na kuchemsha pamoja na mahindi mabichi kwa githeri, apande masika bila wasiwasi, maana atakuwa amekwisha kula kabla ya ukungu wa Julai kutanda. Kuna na wale wenye bomba la uhakika wanaopanda Januari ili wachume Machi wakati soko ni kavu. Hao hawahitaji sura hii.

Inashangaza kidogo kwamba uamuzi huu, unaoonekana mpya, umeandikwa zamani katika lugha ya wenyeji wa eneo lenyewe. Wagikuyu, ambao Dagoretti na Riruta zilikuwa mashamba yao kabla Nairobi haijawa mji, huiita misimu miwili kwa mazao: kimera kia njahi, msimu wa njahi, ndiyo masika, na kimera kia mwere, msimu wa mawele, ndiyo vuli. Njahi, ambayo Waswahili wa pwani huiita fiwi, ni mmea wa kutambaa pia, wenye mbegu nyeusi iliyofungwa utepe mweupe ukingoni, lakini si wa jamii ya maharagwe yaliyotoka Amerika; mizizi yake huzama sana, na aina nyingi za kienyeji hukaa shambani miezi mitano hadi saba. Mmea wa namna hiyo ukipandwa Machi huipita Julai ukiwa bado kijani na hukauka jua linaporudi Agosti na Septemba. Msimu uliitwa kwa jina la njahi kwa sababu uliifaa. Utawala wa kikoloni ulipohimiza maharagwe ya kibiashara kama Canadian Wonder, njahi ilisukumwa pembeni na kubaki chakula cha sherehe na cha mama aliyejifungua, na maharagwe mageni yakarithi msimu ambao haukupimwa kwa kimo chao. Aina fupi hazikuumia sana, kwa kuwa hukomaa kabla ya baridi kukolea. Za kutambaa ndizo zinazolipa gharama ya urithi huo.

Baada ya msimu kuchaguliwa, hubaki kuchagua siku. Eneo la Nairobi kwa kawaida hupata mwanzo wa masika katika wiki ya tatu au ya nne ya Machi, na mwanzo wa vuli katika wiki ya tatu au ya nne ya Oktoba, lakini neno "mwanzo" katika utabiri lina maana mahususi: si mvua ya kwanza, bali mvua ya kutosha isiyofuatwa na ukame wa siku nyingi. Mvua moja kubwa ya alasiri, ikifuatwa na siku kumi za jua kali, ni mvua ya kudanganya, na haragwe hudanganyika kwa urahisi kwa sababu mbegu yake ni kubwa, hunywa maji mengi na kuvimba ndani ya siku moja, na ikishavimba haiwezi kurudi nyuma. Ndiyo sababu desturi ya kupanda vumbini, yaani kutia mbegu katika udongo mkavu kabla ya mvua, ambayo mahindi huivumilia, si salama kwa maharagwe.

Kipimo cha kuaminika zaidi kuliko tarehe kimo mkononi. Udongo wa Riruta ni ule mwekundu wa asili ya volkano, wenye kina na unaopitisha maji vizuri, tofauti na ule mweusi wa Embakasi na tambarare za Athi unaotuamisha maji na kupasuka ukikauka. Mwenye bustani huchimba kwa jembe hadi kina cha kiganja na kidole, huchukua udongo wa chini kabisa, si wa juu, na kuufinyanga. Ukishikamana kuwa donge na, ukiangushwa kutoka kimo cha kiuno, ukavunjika vipande vitatu vinne, unyevu umetosha. Ukimwagika kama sukari, mvua iliyonyesha haijafika. Ukinata vidoleni na kuacha utelezi, zingojewe siku mbili, kwa kuwa mbegu itakosa hewa na kuoza.

Kungoja nako kuna mpaka wake. Kuna nzi mdogo mweusi, anayejulikana kama inzi wa maharagwe, ambaye hutaga mayai kwenye majani ya kwanza ya mche, na viluwiluwi vyake hutoboa hadi chini ya shina na kulifanya livimbe na kupasuka usawa wa udongo. Idadi yake huongezeka kadiri msimu unavyosonga, hivyo shamba lililopandwa wiki tatu baada ya majirani hupokea inzi waliozaliwa kwa majirani. Katika masika, magonjwa ya ukungu kama chule, ambao huacha vidonda vyeusi vilivyodidimia kwenye maganda, na madoa pembe ya majani, hupata mvua ya kuyasambaza hadi mwisho. Masika ya 2024, yaliyofurisha mitaa mingi ya Nairobi Aprili na Mei, yalikuwa ya namna hiyo. Vuli nayo hufuata tabia ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huzidi, kama ilivyotokea 1997 na 2019, na hali ikigeuka mvua hukata, kama ilivyokuwa kwa vuli za 2021 na 2022. Katika mwaka wa ukame anayepanda vuli apunguze mistari badala ya kuahirisha tarehe.

Jambo lililo na uzito kuliko mvua yenyewe katika Riruta ya leo ni ghorofa la jirani. Mtaa uko kiasi cha nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini wa anga kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia upande wa kusini hadi Machi tena. Tarehe hizo zinalingana karibu kabisa na misimu miwili: zao la masika huishi maisha yake yote chini ya jua la kaskazini, na la vuli chini ya jua la kusini. Jengo la mita 12, yaani ghorofa nne hivi, hutupa kivuli cha saa sita chenye urefu wa mita tano na nusu kuelekea kusini mwezi Juni, na cha karibu mita tano kuelekea kaskazini mwezi Desemba. Bustani yenye ghorofa upande wake wa kusini itakuwa na mwanga Mei na giza Desemba, na yenye ghorofa kaskazini kinyume chake. Na kwa kuwa haragwe huhitaji saa sita hivi za jua la moja kwa moja kila siku, mwenye bustani aliye na ukuta kusini huenda akalazimika kuacha ushauri wote uliotangulia na kupanda masika, akubali kula maganda mabichi. Mistari ikielekezwa kaskazini hadi kusini, kila upande wa fito hupata zamu yake ya jua, asubuhi upande mmoja na alasiri wa pili.

Fito zenyewe husimikwa siku ya kupanda au kabla, si baadaye, kwa kuwa kuchomeka mti kando ya mche wenye wiki tatu hukata mizizi. Urefu wa mita mbili juu ya ardhi hutosha, na mahali ambapo fito ni ghali, kamba ya katani iliyofungwa kutoka kwenye kigingi hadi kwenye ukingo wa paa, au vipande vya nondo vilivyobaki fundi alipoondoka, hufanya kazi hiyo hiyo. Mbegu mbili huwekwa katika kila shimo, kina cha sentimita tatu hadi tano. Wanaotumia mahindi kama fito hai wayatangulize kwa wiki tatu, la sivyo haragwe litaufikia mhindi ukiwa bado mwororo na kuulaza. Pakiti za mbegu zinazoletwa na jamaa kutoka Ulaya, zenye maagizo ya kungoja baridi ya kugandisha iishe, hazina la kusema hapa; na iwapo ndani yake mna maharagwe yenye maua mekundu ambayo Waingereza huyapenda, Phaseolus coccineus, mmea utapanda hadi kwenye paa na kutoa maua haba, kwa kuwa umezoea siku ndefu za kiangazi cha huko, ilhali siku ya Riruta ni ya saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Wakulima wa Kenya wanaoyalima kwa ajili ya kuyauza nje huyawashia taa usiku.

Mbegu ya msimu ujao huchaguliwa kwenye mmea, kabla ya kuvuna, kutoka maganda ya katikati ya fito yasiyo na doa, kwa maana ya juu huchelewa na ya chini hurushiwa matope. Ya Februari hubanduliwa, huanikwa siku mbili tatu hadi jino likiiuma isiache alama, kisha hutiwa kwenye chupa kavu pamoja na majivu ili fukusi wasipate nafasi ya kupita kati ya punje na punje. Atakayeipanda masika huifungua baada ya wiki sita. Atakayeingoja vuli huiweka miezi minane, na huitikisa chupa mara kwa mara, akitazama kama kuna unga unaokusanyika chini.